Mwaka Mmoja wa Gari Ambalo Bado Halina Rangi

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo kurasa za magari, zikiwamo za gazeti lako, huliruka kila zinapoandika habari za magari ya kale yaliyofufuliwa nyumbani na wenyewe. Utaratibu wake kila msomaji anaujua. Juu ya ukurasa huwekwa picha ya gari lililooza, matairi yamekaa chini, panya wamefanya makao kwenye kiti cha nyuma. Chini yake huwekwa picha ya gari hilohilo likimetameta, boneti iko wazi, na mwenyewe amesimama kando na kitambaa mkononi. Kati ya picha hizo mbili pana nafasi nyeupe yenye upana wa kidole. Mimi nimeishi ndani ya nafasi hiyo nyeupe kwa miezi kumi na miwili sasa, na barua hii naiandika nikiwa humo.

Gari langu ni Morris Minor 1000 ya milango miwili, iliyotoka kiwandani mwaka 1964, na kabla sijalipata lilikuwa limekaa chini ya turubai kwa miaka mingi. Si gari adimu. Aina hii ilionyeshwa kwa umma kwa mara ya kwanza mwaka 1948 katika maonyesho ya magari ya Earls Court mjini London, ikiwa kazi ya mhandisi Alec Issigonis, yuleyule aliyekuja kubuni Mini baadaye. Ilikuwa gari la kwanza la Uingereza kufikia idadi ya milioni moja, na uundaji wake ulipokoma mwanzoni mwa miaka ya 1970 idadi hiyo ilikuwa imepita milioni moja na nusu. Wingi huo ndio uliolifanya limfae mtu kama mimi ambaye si fundi wa kusomea, kwa kuwa vipuri vyake vingi vinaendelea kutengenezwa hadi leo na michoro yake haijapotea. Lakini kilichonivutia zaidi ni kisa cha boneti yake. Inasimuliwa kwamba gari la mfano lilipokaribia kukamilika, Issigonis aliliona jembamba mno, akaamuru likatwe katikati kwa urefu na nusu zake zisogezwe mbali hadi uwiano umridhishe. Nyongeza ikatoka inchi 4, yaani kama sentimita 10, na ule utepe bapa unaopita katikati ya boneti ya kila Morris Minor ni kumbukumbu ya upasuaji huo. Siku niliposhika grenda kwa mara ya kwanza, mkono ukitetemeka, nilijifariji kwamba ukoo mzima wa gari hili ulianza kwa kukatwa.

Nilipoanza nilijiwekea muda wa miezi sita. Hesabu hiyo sikuitoa popote, niliipenda tu. Kulifungua gari peke yake kulichukua wiki tisa za jioni na mwisho wa juma, na sehemu ya muda huo niliipoteza kwa ujinga wangu mwenyewe, kwa sababu siku za mwanzo nilikuwa nikitupia bolti zote katika kopo moja kubwa nikiamini kwamba nitazikumbuka. Hazikumbukwi. Bolti za gari hili ni za kipimo cha inchi, nyingi zinafanana kwa macho na kutofautiana kwa meno au kwa urefu wa nusu kidole, na ukiingiza ndefu mahali pa fupi inaweza kutoboa kilicho nyuma yake. Nilijifunza baadaye, kwa kuelekezwa na mzee mmoja aliyewahi kuwa fundi, kuchora umbo la kila kifaa kwenye kipande cha katoni, kukitoboa mahali bolti zilipokuwa, na kuzichomeka humo kwa mpangilio uleule. Katoni hizo ninazo thelathini na mbili ukutani, na kila ninapozitazama naona ndizo kazi safi kuliko zote nilizofanya mwaka huu.

Hata spana zilinisumbua. Spana ya milimita huingia kwenye kichwa cha bolti ya inchi ikilegea kidogo tu, na ulegevu huo mdogo unatosha kumomonyoa pembe zote sita ikiwa bolti imeshikwa na kutu. Bolti iliyolika kichwa ni kazi ya saa nzima. Iliyokatikia ndani ni ya siku nzima. Kwa hiyo nilizoea kuzipaka mafuta ya kulegeza kutu jioni, kuzigonga kidogo kidogo, kuziacha zilale nayo hadi kesho, na zile kaidi kuzipasha moto, pasipo mpira wala petroli karibu. Kazi hii haina picha ya kuonyesha. Mtu akipita akauliza umefanya nini leo, jibu la kweli ni kwamba umelegeza nati nne.

Baada ya hapo nikakutana na kutu yenyewe, na hapa naomba uniwie radhi, Ndugu Mhariri, nirefushe maneno, maana hapa ndipo mwaka wangu ulipokwenda.

Watu wengi hudhani kutu ni uchafu unaokaa juu ya chuma, kwamba ukiupiga msasa na kupaka rangi umemaliza. Kutu ni chuma chenyewe kilichogeuka kuwa kitu kingine, na kitu hicho kipya kinahitaji nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichokizaa. Ndiyo maana mahali mabati mawili yalipopandana, maji yakiingia katikati, kutu huvimba na kuyasukuma mabati yatengane, na nafasi inayoachwa hukaribisha maji zaidi. Kile kidoa cha kahawia chenye ukubwa wa shilingi unachokiona kwenye rangi mara nyingi ni ncha ya tundu ambalo tayari limekula kiganja kizima kwa ndani.

Morris Minor haina chasisi iliyojitenga na bodi kama ilivyo kwa malori. Bodi ndiyo inayobeba mzigo, na sehemu muhimu ya uimara huo imo katika vizingiti vya chini ya milango, yaani maboksi ya bati yanayokimbia kutoka nguzo ya mbele hadi kwenye fenda ya nyuma. Vizingiti vyangu vilionekana vizima. Vilikuwa na rangi, vilikuwa na umbo, na ukivigonga kwa vidole vilitoa sauti nzito ya kuridhisha. Nilipoweka bisibisi na kusukuma, ikazama hadi kwenye mpini. Nyuma ya rangi kulikuwa na puti, yaani udongo wa kuzibia mabati, nyuma ya puti kulikuwa na wavu mwembamba wa waya, na nyuma ya wavu, kama kujazilizia tu, kulikuwa na gazeti lililokunjwa na kusindiliwa kwa nguvu mpaka likawa gumu kama mbao. Tarehe haikusomeka. Nimesoma magazeti maisha yangu yote, lakini ile ilikuwa mara yangu ya kwanza kukuta moja likiwa limebeba gari.

Nilivikata vyote viwili, na hapo nikafanya kosa kubwa kuliko yote ya mwaka. Gari lilikuwa limepandishwa juu ya stendi za chuma mbele na nyuma, na mimi, nikiwa na haraka ya kuona bati jipya, nikaondoa kizingiti cha kushoto chote bila kwanza kulifunga gari kwa vyuma vya kulishikilia. Hakuna kilichoanguka, wala hakuna kilicholia. Bodi ilijilegeza tu, milimita chache katikati, kama mgongo wa mtu aliyechoka, nami nikachomelea kizingiti kipya juu ya mgongo uliopinda. Nilipokuja kuning'iniza mlango, ukagoma kufunga: nafasi kati ya mlango na nguzo ilikuwa nyembamba juu, karibu ikwaruze, na pana chini kiasi cha kupitisha kidole. Niliuhangaikia mlango ule kwa wiki mbili, nikisogeza bawaba, nikiusingizia kwamba ulikuwa wa gari jingine, kabla sijakubali kwamba mlango ulikuwa sawa na gari ndilo lililopinda.

Nikakata tena kila nilichokuwa nimechomelea. Safari ya pili nilianza kwa kusawazisha gari kwa pimamaji, nikapima mishazari ya uwazi wa mlango kutoka pembe hadi pembe na kuilinganisha na upande wa kulia, nikachomelea vyuma vya mraba kukingama uwazi huo ili usiweze kufunga wala kupanuka, na sikuweka hata nukta moja ya kudumu kabla mlango haujaning'inizwa na kufungwa mara kumi. Kosa hilo lilinigharimu wiki saba. Katika picha ya mwisho, siku ikifika, kitakachoonekana ni mwanya wa milimita nne unaoteremka kando ya mlango ukiwa na upana uleule juu hadi chini, na hakuna atakayeutazama. Mimi nitakuwa nautazama huo tu.

Kuchomelea bati lenye unene wa milimita 1 nako si kama kuchomelea geti. Joto likizidi bati linatoboka, na hata lisipotoboka hujikunja likawa kama ukingo wa kaukau. Dawa yake ni subira: nukta moja hapa, nyingine mbali kabisa upande wa pili, kusubiri bati lipoe hadi ulishike kwa mkono mtupu, kisha kurudi katikati ya nukta mbili za mwanzo, hivyo hivyo hadi nukta zikutane. Mshono wa urefu wa mkono mmoja huweza kula jioni nzima. Kiwandani mabati haya yaliungwa kwa nukta zilizobanwa kwa umeme, kwa hiyo kila kipande cha zamani nilikitoa kwa kuchimba nukta hizo moja baada ya nyingine kwa drili, na kipya nikakifunga kwa kukitoboa matundu na kuyajaza kwa kuchomelea, jambo linaloacha alama zinazokaribiana sana na zile za asili.

Vifaa vidogo kama bawaba, mabano na pedali nilivisafisha kwa njia ya umeme, ambayo naipendekeza kwa yeyote mwenye beseni la plastiki na chaja ya betri: maji yenye magadi ya kufulia, kifaa chenye kutu kikiwa upande hasi, na kipande cha chuma cha kawaida kikiwa upande chanya. Asubuhi kutu imelegea na kifaa chenyewe hakijapunguka. Nayatoa maonyo mawili ambayo sijapata kuyaona katika makala yoyote ya picha mbili. Usitumie chuma kisichoshika kutu upande wa chanya, kwa kuwa hutoa kromi yenye sumu ndani ya maji; na ufanye kazi hiyo mahali penye hewa, mbali na cheche, kwa kuwa mapovu yanayopanda ni haidrojeni.

Yapo na mengine ya hatari ambayo mtu anayejifunza kwa picha hawezi kuyaona. Tenki la petroli lililokaa tupu kwa miaka linaweza kuwa la hatari kuliko lililojaa, kwa sababu kinacholipuka ni mvuke. Langu nililitoa kabla ya cheche ya kwanza na kulipeleka mbali na banda. Vitambaa vya breki vya magari mengi ya enzi hizo vilikuwa na asbesto, na vumbi lake halifai kupulizwa kwa hewa ya kompresa wala kwa mdomo, bali hulowanishwa na kufutwa kwa kitambaa cha kutupa, mtu akiwa amevaa barakoa ya kufaa. Na jeki ni ya kupandishia gari, si ya kulilalia chini yake. Nasema haya nikijua yanachosha, lakini kurasa zinazowaalika watu kuingia chini ya magari zina deni la kuwaambia jinsi ya kutoka wazima.

Mfano unaonikaa moyoni ni ule wa miguu ya mbele. Kingipini ya gari hili, yaani pini ya wima ambayo gurudumu la mbele hugeukia, chini yake ina meno ya skrubu yanayozunguka ndani ya kifaa kingine kila usukani unapogeuzwa, na uhai wa meno hayo wote unategemea grisi. Grisi ikikosekana, meno hulika taratibu pasipo dereva kujua, mpaka siku yanapoachia, na gurudumu likajikunja chini ya fenda. Niliyoyakuta upande wa kulia yalikuwa yamebaki membamba kama karatasi, na grisi iliyokuwa humo ilikuwa imegeuka nta. Gari hilo lingeweza kupigwa rangi nzuri ya kung'aa likapigwa picha, na picha isingesema lolote.

Breki zenyewe sizungumzii kwa kirefu. Mabomba yote ni mapya, silinda za magurudumu zote ni mpya, na silinda kuu, ambayo wabunifu waliificha ndani ya boriti ya sakafu chini ya miguu ya dereva kana kwamba hawakutarajia mtu yeyote kuihitaji tena, ilinichukua siku tatu na ngozi ya vifundo viwili kuitoa. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa: yale ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi joto 230, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho kinaruhusiwa kushuka hadi 155. Yaliyotoka kwenye gari langu yalikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyolala.

Injini ilikuwa furaha ya mwaka, na naikiri furaha hiyo ingawa sehemu kubwa ya kazi yake haikufanyika nyumbani. Ni injini ya silinda nne yenye ujazo wa sentimita za ujazo 1098, ndogo kiasi kwamba watu wawili huibeba, na ilikuwa imekwama. Nilimimina mafuta ya kulegeza kupitia matundu ya plagi, nikaiacha wiki mbili, nikijizuia kila siku kuishika, kisha nikaizungusha kwa spana ndefu mbele na nyuma kwa pembe ndogo ndogo hadi ikakubali. Vipimo vilionyesha kwamba silinda zimelika zaidi juu kuliko chini, kwa hiyo bloku ilikwenda kwenye karakana ya mashine kuchongwa kwa kipimo cha pili cha ziada, yaani sehemu 20 za elfu moja ya inchi, karibu nusu milimita, na kupewa pistoni kubwa zaidi. Kichwa cha injini kilitiwa viti vigumu vya valvu, kwa kuwa injini hizi zilizaliwa wakati petroli ina madini ya risasi, na risasi hiyo, pamoja na madhara yake yote kwa afya, ndiyo iliyokuwa ikivilinda viti laini visitafunwe. Dunia iliachana na petroli hiyo kwa magari ya barabarani mwaka 2021, na hakuna mwenye akili anayeililia. Lakini mwenye gari la kale anapaswa kujua ilikuwa ikifanya kazi gani.

Nimeandika kwamba kazi hiyo ilifanyika nje kwa sababu maneno "nilifanya yote mwenyewe nyumbani" huandikwa kirahisi mno. Nyumbani huwezi kuchonga silinda, huwezi kusaga shafti kuu, na usijaribu. Kilichobaki kwangu kilikuwa kuunganisha: kupima mwanya wa ringi, kuosha bloku kwa maji ya sabuni hadi kitambaa cheupe kitoke cheupe, kukaza nati za kichwa kutoka katikati kwenda nje kwa awamu hadi nguvu ya kukaza ya paundi-futi 40, na kuweka mwanya wa valvu kwenye sehemu 12 za elfu moja ya inchi injini ikiwa baridi. Mwezi wa kumi na moja niliiwasha ikiwa imefungwa kwenye fremu ya mbao na chuma sakafuni, rejeta imening'inizwa mbele yake na petroli ikitoka kwenye kichupa juu ya stuli iliyowekwa mbali kadiri mpira ulivyoruhusu. Ilikohoa mara tatu, ikashika. Wanangu walikuja mbio wakitafuta gari linalonguruma, wakakuta injini sakafuni na gari upande wa pili wa banda, likiwa halina hata magurudumu.

Katika umeme kuna jambo moja la kumtahadharisha anayeanza. Magari mengi ya Uingereza ya miaka hiyo, langu likiwamo, yalifungwa betri kinyume na mazoea ya leo: upande chanya ndio ulioungwa na bodi. Mtu akiifunga kwa mazoea, akaongeza na redio ya kisasa, moshi utamfundisha. Wengi hugeuza mfumo huo. Mimi nimeuacha, na nimebandika kikaratasi chekundu juu ya betri.

Uamuzi huo wa kuacha au kubadilisha umenisumbua kuliko nilivyotarajia. FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale lililoundwa mwaka 1966, hulihesabu gari kuwa la kihistoria likiwa na umri usiopungua miaka 30 na likitunzwa katika hali sahihi ya kihistoria, na Hati yake ya Turin huwahimiza wenye magari kuhifadhi kadiri iwezekanavyo kabla ya kubadilisha. Nakubaliana na roho ya hati hiyo, lakini si kwa ukali wa baadhi ya wapenzi wa magari ninaosoma maandishi yao. Nimeacha breki za ngoma pande zote, nimeacha dinamo, nimeacha viti vilivyochanika kwa kuwa mchaniko ule ni wa mtu aliyekikalia kwa miaka. Nimeongeza mikanda ya usalama, na mipira ya petroli nimeweka inayostahimili ethanoli, kileo kinachochanganywa na petroli, ambacho huitafuna ile ya zamani. Anayeona nimeharibu historia namkaribisha aendeshe gari lake bila mkanda, mradi asipakie watoto.

Sasa nifikie lililonifanya nishike kalamu. Mwisho wa mwaka nilitaka kuona nimefika wapi, nikachukua picha niliyopiga siku gari lilipoletwa nikailinganisha na niliyopiga wiki iliyopita, nikisimama mahali palepale. Picha ya kwanza inaonyesha gari: lina rangi iliyopauka, vioo vyote vipo, limekaa kwa magurudumu manne, na mtu asiyejua angesema linahitaji kuoshwa tu. Picha ya pili inaonyesha ganda la bati la kijivu na la kahawia, lenye viraka, limepakatwa na stendi, bila milango, bila vioo, macho ya taa yakiwa matundu mawili. Kwa kanuni ya picha mbili mimi ni mtu aliyechukua gari zima akalivunja. Ilhali lile la kwanza lilisimama kwa puti na gazeti na lingemwua dereva wake kwenye kona, na hili la pili ni chuma kitupu kutoka nguzo hadi nguzo. Saa 468 nimeziandika kwenye daftari, na karibu nusu yake ni za mabati ambayo yatafunikwa na zulia.

Najua watu watatu walioanza kazi kama hii wakaiacha. Wawili kati yao waliiacha kati ya mwezi wa nane na wa kumi na nne, na wote wawili walinieleza jambo lilelile kwa maneno tofauti: waliona wanarudi nyuma. Hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba kila gari linalofufuliwa kwa uaminifu hupita katika kipindi cha kuonekana baya kuliko lilivyokuja, na kwamba kipindi hicho ndicho kirefu. Gari la mmoja wao liliuzwa vipande vipande, likiwa limebakiza, kwa hesabu yangu, sehemu ndogo tu ya kazi chafu. Sisemi kwamba gazeti ndilo lililomkatisha tamaa. Nasema alikuwa amebandika ukurasa wa gazeti ukutani mwa banda lake, wenye picha mbili, na kila jioni aliuangalia akajiona ameshindwa.

Mwaka unaokuja nina kazi ya fenda za nyuma, mfumo wa nyaya, kisha maandalizi ya rangi, ambayo nimeshaambiwa na kila mtu kwamba yatachukua mara tatu ya muda ninaoufikiria. Safari hii nimekubali mapema. Rangi yenyewe haitazidi siku chache.

Pamoja na barua hii nimeambatanisha picha moja ya gari langu kama lilivyo leo, upande wa kushoto, mlango ukiwa umening'inizwa kwa muda ili mwanya uonekane. Kama utaona inafaa kuchapishwa, nitashukuru. Ila naomba isiwekwe kando ya ile ya mwaka jana, na nafasi ya picha ya gari lililokamilika iachwe wazi, kwa kuwa sinayo.

Wako,
Msomaji wa miaka mingi